Picha Iliyodaiwa Barua ya Maiti

Umewahi kuona picha ikikamatwa? Jumanne, hapa forodha ya Malaba, karani aligeuzageuza picha ya plastiki aliyobeba mama mmoja, zile ambazo sura hubadilika ukiziinamisha, na kijana aliye ndani akamkonyeza. Karani akaruka nyuma, kofia chini!

“Mama, huyu ni nani?”

“Mtoto wangu, boss. Alikufa ng'ambo. Sura yake ingine sina.”

“Amekufa na anakonyeza? Maiti haipiti hapa bila barua ya daktari!”

Nikaingilia, mimi na digrii yangu ya fizikia: “Afande, it's just optics, ni mwanga tu unacheza na macho. Kesho hata picha za watu zitasimamishwa hewani kwa mwanga mtupu.”

“Na hiyo digrii imekupatia kazi?” karani akaniuliza.

Picha ikafungiwa kabatini, mama akilia kaunta.

Wakubwa wa forodha, ile ni plastiki. Fungueni kabati, mrudishieni mama mwanawe!