Viti vya Gari la Alube

Kuna siku moja sijaisahau, Mwanangu Idi, na jana imenirudia yote, pale ulipoegesha gari lako jipya kando ya kagari ka marehemu babu yako ukacheka.

"Papa, haka kako chuma ya kuyeyusha wafanye masufuria," ulisema. Bon, haya. Kaa nikuambie, mimi niliyeachia shule darasa la tano.

Gari lako ni zuri, sikatai. Lina hewa baridi, halipigi kelele, na taa ikiwaka mbele ya usukani fundi analeta mashine ya kuliuliza linaumwa wapi. Haka kagari ugonjwa wake naujua kwa sikio, na dawa ni bisibisi na kipande cha waya. Stata yake ilikufa kabla sijaota ndevu. Ndiyo sababu Papa wangu, babu yako, alikaegesha kila jioni juu ya mteremko wa barabara yetu ya Kabondo, pua ikitazama chini, ili asubuhi kashuke kenyewe mpaka kawake. Majirani walitucheka. Aliyecheka zaidi ni Alube, mnunuzi wa almasi, mwenye gari refu, jipya kama hili lako.

Kisha majeshi ya wageni yakaja kupigana ndani ya mji wetu, kama vile kwao hakuna mahali pa kubomoa. Kipande cha bomu kikamchana mama yangu paja. Tukambeba mpaka kwa Alube, maana gari lake halikungoja mteremko, tukamkuta anapakia mizigo yake akimbie. Akaangalia kitenge cha mama kilivyolowa, akasema, "Damu itaharibisha viti. Mumupeleke na toleka."

Toleka, Mwanangu. Baiskeli ya kubeba abiria, kwa mama asiyeweza kukaa. Ninamtaja jina na sitachoka kumtaja. Alube. Yuko hai, anakula vizuri.

Nikaokota jiwe nimvunjie kioo. Papa akanishika mkono, bila kupandisha sauti. "Acha jiwe. Kamata mama miguu."

Tukamlaza nyuma, pale Papa alipong'oa kiti ili apakie samaki kutoka Yanonge. Tukasukuma kidogo, mteremko ukachukua kazi, kagari kakakohoa, kakawaka. Tulimpita Alube angali anafunga kamba mizigo yake. Hospitalini mama alishonwa, akapona, akachechemea maisha yake yote. Mgongo wake ndio uliokubeba wewe ukiwa mchanga.

Kwa hiyo nasikia fahari kila ninapokafuta vumbi, na hakauzwi, si kwa masufuria, si kwa chochote. Kwa hewa baridi umekashinda. Kwa utulivu umekashinda. Lakini siku jirani akija kwako na damu, hata awe mtoto wa Alube, usiangalie viti. Fungua mlango wa nyuma, na wewe mwenyewe umshike miguu.

Mungu alijalie gari lako njia nzuri, Mwanangu. Akupe mikono ya babu yako. Na viti vyako vichakae kwa kubeba watu.