Pombe Inayoonesha Wasioonekana

Juzi asubuhi, nikinywa maji ya ndimu kwenye kaunta ya hoteli moja ya Diani, aliingia afisa wa leseni za pombe akaulizia absinthi, ile pombe ya kijani ya pakanga.

“Nasikia yaonesha watu visivyokuwapo,” alimwambia mhudumu. “Ikiwa kweli, leseni yenu naondoka nayo.”

“Ni uvumi, bwana afisa. Onja mwenyewe.”

Mhudumu alimmiminia glasi, akatia maji, na ukijani ukageuka mweupe kama maziwa. Afisa alishtuka akarudi nyuma, kisha akaonja kikazi. Machozi yalimtoka.

“Sioni kitu,” alisema, akaomba nyingine ili apate hakika.

Glasi ya pili ilikuwa mdomoni mlango ulipofunguka. Afisa aliitua, akakamata kaunta kwa mikono miwili.

“Yarabi! Namwona mkurugenzi wangu!”

“Ndiye, bwana afisa.”

“Haiwezekani. Huyu hata ofisini haonekani.”

Mkurugenzi alivuta kiti karibu naye. Mhudumu alikwisha kushika chupa.

“Karibu, mkurugenzi. Ile ile ya jana?”

Leseni ingali ukutani. Nanyi mnaosubiri sahihi ya mkurugenzi tangu mwaka jana, nawaapia: nilikunywa ndimu tu, na nilimwona.