Mwalimu Ezron na Mashine ya Pesa ya Chennai

Mwalimu Ezron Mwambene amefundisha hesabu kijijini Lupepo, upande wa Tukuyu, kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemwona ameshika noti nyingi kwa pamoja. Akihitaji elfu tano, humwendea wakala wa simu pale senta akatoa elfu tano. Kesho akihitaji elfu tatu, hutoa elfu tatu.

"Mwalimu, toa basi ya wiki nzima tupumzike wote," wakala humtania.

"Pesa ikikaa mfukoni inapata wajomba," hujibu yeye.

Si uchoyo. Kwetu mtu akionekana ametoa laki moja, kabla hajafika nyumbani amekwisha kukutana na mwenye mgonjwa, mwenye msiba na mwenye ada, na wote ni ndugu. Tena wakala hukata kulingana na kiasi: ukitoa kidogo unakatwa kidogo. Kidogo kidogo ikawa sheria ya nyumba yake. Kwa sheria hiyo alijenga nyumba ya tofali za kuchoma na kumsomesha binti yake Doreen. Mimi naisifu sheria hiyo. Lakini nimeona pia kwamba tabia njema, mtu akiibeba kwenda ugenini bila kuuliza, inaweza kumgeuka.

Mwaka jana mkewe, Felista, alishindwa kupanda mlima kutoka shambani. Alikuwa akikaa chini kila hatua ishirini, midomo imebadilika rangi. Madaktari walisema ni moyo, vali moja haifungi, na wakashauri apelekwe India. Mwalimu akauza ng'ombe wawili na kukopa chama cha akiba cha walimu. Akina mama wa usharika, wakiongozwa na mwenyekiti wao Tulinagwe, wakachanga kwa majuma saba. Wapo walioleta mikungu ya ndizi iuzwe kwa kuwa fedha hawakuwa nayo. Gharama za upasuaji zikatumwa moja kwa moja hospitalini. Shilingi milioni mbili na laki nne zikabaki kwenye kadi yake ya benki kwa ajili ya chumba, chakula, dawa na vipimo vya mwisho.

Siku tatu kabla ya safari alikwenda benki Tukuyu. Binti wa dirishani, Aika, akamfungulia kadi itumike nje ya nchi.

"Mwalimu, una swali lolote kuhusu makato ya huko?"

Nyuma yake kwenye foleni walisimama vijana wawili aliowafundisha darasa la sita. Wakawa wanamsikiliza.

"Sina swali, binti yangu," alisema. "Mimi ni mwalimu wa hesabu."

Vijana wakacheka kwa heshima, naye akatoka kifua mbele.

Chennai walipanga chumba karibu na hospitali, katika nyumba ya wageni wanaouguza, yenye jiko la pamoja. Laini yake ya simu aliiacha kwa Doreen, ili michango ikichelewa iingie huko huko. Yeye akapiga simu kwa mtandao wa nyumba ile. Upasuaji ulikwenda vizuri. Lakini wasiwasi wa Ezron haukupungua, ulihama tu, kutoka kwenye moyo wa mkewe ukaja kwenye kadi.

Kila asubuhi, kabla Felista hajaamka, alivuka barabara hadi kwenye ATM iliyokuwa ukutani mwa duka la dawa. Alitoa rupia elfu moja na mia tano, za siku hiyo tu. Mashine ilimwuliza: akatwe kwa shilingi za Tanzania au kwa rupia? Alichagua shilingi kila mara. Shilingi aliijua. Kuona neno "shilingi" katika nchi ile ya maandishi yanayojipinda kama mizizi kulimpa faraja kidogo. Kisha alirudi akihesabu vidole: chumba mia sita, dawa, mchele, dengu, ndizi.

Siku ya kumi na nane, Jumamosi, Doreen alipiga simu.

"Baba, shikamoo. Baba, kuna mwizi kwenye kadi yako!"

"Marahaba. Mwizi gani?"

"Meseji za benki zinakuja kila siku, tena mbili mbili. Mimi nilidhani ni za hospitali. Leo nimekaa nikajumlisha. Baba, milioni moja na laki moja na elfu hamsini na mbili zimeondoka! Nimeshawapigia benki, wanasema nikisema neno wanaifunga kadi sasa hivi."

"Nisomee meseji moja. Polepole."

Akamsomea. Ezron akageuza karatasi ya dawa ya Felista, akaandika nyuma yake. Kwa kila rupia elfu moja na mia tano, ambazo kwa haki ni kama shilingi elfu arobaini na tano, zilikuwa zimeondoka elfu sitini na nne. Benki ya nyumbani ilichukua elfu kumi kwa kila safari ya mashine, utoe kingi utoe kidogo. Wenye mashine nao walichukua rupia mia mbili zao, vilevile bila kujali kiasi. Na ile shilingi aliyoichagua kwa faraja, mashine ilimbadilishia kwa bei yake yenyewe, mbovu kuliko ya benki. Elfu kumi na tisa kila asubuhi. Mara kumi na nane. Laki tatu na elfu arobaini na mbili zimekwenda bure, na hakukuwa na mwizi.

"Baba? Niwaambie wafunge?"

"Usifunge. Nitakupigia."

"Mama Tulinagwe nimeshamwambia. Alilia. Amesema kesho Jumapili atasimama atangaze kwamba mmeibiwa, watu wachange tena."

Hapo ndipo palipokuwa na jaribu lenyewe, na sitalipunguza. Mwizi huyo alikuwa amekuja kumwokoa. Hakuwa na uso wala jina, hakuna ambaye angemtafuta. Akikaa kimya tu, bila hata kusema uongo kwa mdomo wake, watu wangechanga, Ijumaa angelipa vipimo na dawa za kwenda nazo nyumbani, rupia elfu thelathini na moja, na daktari angempa Felista barua ya kumruhusu kupanda ndege. Akisema kweli, atabaki na kilichobaki, asijue kama kinatosha. Na bila barua ile hakuna ndege.

Alikaa kwenye ngazi za jikoni hadi dengu zikaungua.

"Baba Doreen," Felista aliita kutoka chumbani, "unapika au unachoma mkaa?"

Alipoingia, mkewe alimtazama mara moja tu. "Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi kaa useme. Mimi nimepasuliwa kifua, sijapasuliwa macho. Siku ya nne hii unasema umekula na hujala."

Akamwambia yote, hadi lile la Jumapili. Felista aliweka mkono juu ya kovu.

"Yule mama wa kutoka Suma aliyeleta mkungu mmoja kichwani," alisema, "atauleta wa pili kwa ajili ya mwizi ambaye hayupo?"

Ezron aliitazama simu.

"Mpigie Mama Tulinagwe. Nikiwa nakusikia."

Alipiga. Alieleza kwa ufupi, kama mtoto anayesoma kosa lake ubaoni. Sauti ya Tulinagwe ikaja, kavu.

"Kwa hiyo hamkuibiwa."

"Hatukuibiwa, mama. Ni mimi. Nimetoa pesa kwa mtindo wa Lupepo."

"Mwalimu wa hesabu!"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Kesho sitatangaza kitu. Ukirudi utatangaza mwenyewe. Felista anakula?"

"Anakula."

"Ndaga, asante Mungu. Na wewe kula, tusije tukachangia jeneza."

Bado Ijumaa ilikuwa pale pale. Chumba cha jirani alikaa Rodrick, mfanyabiashara wa Moshi aliyekuwa akimwuguza mama yake kwa mara ya tatu. Kwa wiki mbili Ezron alikuwa akimsalimia na kupita, maana hakutaka mtu ambaye umri wake ungetosha kuwa mwanawe amfundishe. Jioni ile alibisha hodi.

"Kijana wangu, nina swali."

Rodrick alisoma ile karatasi, akapuliza pumzi. "Mzee wangu, umekuwa unawalisha wenye mashine. Sikiliza. Hospitali usipeleke noti, walipe kwa kadi pale dirishani. Makato yake ni madogo. Mashine yoyote ikikuuliza shilingi au rupia, bonyeza rupia, kila siku rupia. Na pesa ya chumba na chakula cha siku zote zilizobaki, itoe mara moja tu."

"Zote nikae nazo mkononi?"

"Hapa nani atakuomba? Una mjomba Chennai?"

Ezron alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, kicheko kifupi kilichomwuma.

Usiku mzima alipiga hesabu. Kwenye kadi zilibaki milioni moja, laki mbili na elfu arobaini na nane. Vipimo na dawa zingekula laki tisa na ushei. Kilichobaki kingetosha kutoa rupia elfu tisa: siku tisa za chumba, na rupia mia nne kwa siku za kula na za teksi ya uwanja wa ndege. Kama Rodrick hakukosea. Kama hospitali haitaongeza kipimo. Kama kadi haitakataliwa.

Ijumaa alisimama dirishani, shati limelowa mgongoni ingawa feni ilizunguka juu yake. Karani aliingiza kadi na kumsogezea kimashine. Shilingi au rupia? Kidole chake kilikwenda kwenye shilingi kwa mazoea, kikasimama hewani. Akabonyeza rupia. Kimashine kikafikiri. Karani akatazama kioo cha kompyuta, akatazama kadi, akatazama kioo tena. Ezron alimwona Felista kwenye benchi, amekaa wima na kitenge chake mabegani kama mtu anayesubiri basi la kwenda Tukuyu.

Risiti ikatoka.

Siku tisa zile walikula wali na dengu, na ndizi ambazo Felista alizidharau kila siku kwamba hazina ladha ya ndizi. Dawa hazikupungua. Walipopanda ndege, Ezron alikuwa na rupia sitini.

Jumapili ya pili baada ya kurudi alisimama mbele ya usharika bila kusubiri kuitwa. Alitaja laki tatu na elfu arobaini na mbili, akasema si mwizi aliyezichukua bali ni swali ambalo hakuuliza, na kwamba atazirudisha kwenye mfuko wa akina mama kutoka kwenye mauzo ya chai ya shamba lake, kila mavuno. Wengine walicheka. Mama wa Suma hakucheka, alisema amina.

Jioni yake alikuja Amoni wa Kiwira, baba ambaye mwanawe amepata tarehe ya upasuaji huko huko. Alikuwa na kadi mpya ndani ya kitambaa.

"Mwalimu, niandikie tu cha kufanya."

"Hapana," alisema Ezron. "Makato hubadilika. Kesho twende benki, utauliza mwenyewe, hata foleni ikijaa."

"Na nikionekana mjinga?"

"Nitasimama nawe. Tutaonekana wawili."