Kwa Miguu Hadi Soko Mugdi

Sababu ya safari hii ni mguu wangu wa kushoto. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani nilitoka nyumbani kutalii. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili hapa Garissa, nina miaka hamsini na mmoja, na kwa miaka kumi na minne sikuenda popote bila gari. Msikitini, gari. Duka la kona, ambalo nikipiga chafya mwenye duka hunijibu, gari. Kwetu mwanamume mwenye nafasi yake hatembei. Aliyetembea ni baba yake, akiwafuata ngamia, na alitembea ili mwanawe asitembee tena.

Mwezi mmoja kabla ya safari, daktari wa kliniki ya sukari aliniambia nifumbe macho, kisha niseme kila atakaponigusa vidole vya mguu kwa uzi wake wa plastiki. Nilifumba, nikakaa nikimsubiri aanze. Nilipofumbua alikuwa ameshamaliza.

"Maalim, mguu umeanza kusinzia," alisema. "Tembea kila siku, nusu saa au zaidi, na uvae viatu vya kufunika vidole. Nakupa miezi mitatu sukari ishuke. La sivyo..."

Hakumaliza, na sikuhitaji amalize. Marehemu babangu aliingia kaburini na mguu mmoja.

Siri hiyo tuliijua mimi na mke wangu Fadhumo tu. Baba alipokatwa mguu, watu walijaa nyumbani wiki nzima, kila mmoja na dawa yake na huruma yake, na nilimwona mzee akinywea zaidi kwa kuhurumiwa kuliko kwa kidonda. Nikaapa hayo hayatanipata. Nitashusha sukari kwanza, kisha nitasema.

"Kwa hiyo mguu unauficha na njiani unautembeza?" Fadhumo aliniuliza.

"Nitautembeza kimyakimya."

Ukweli ni kwamba mwezi mzima sikuutembeza hata kidogo. Leo jua kali, kesho vumbi, keshokutwa madaftari ya kusahihisha. Ijumaa moja jioni nilijikasirikia. Nikampa Fadhumo ufunguo wa gari nikamwambia auweke nisikoweza kuufikia. Aliutia ndani ya mkebe wa sukari.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, niliondoka. Shughuli yenyewe ilikuwa ndogo: kununua maziwa ya ngamia Soko Mugdi, mwendo wa dakika arobaini kutoka mtaani kwetu, nirudi kabla jua halijachachamaa. Mkononi nilibeba kibuyu cha plastiki cha lita tano. Mlangoni Fadhumo alikuwa ameniwekea raba mpya nyeupe. Nilizitazama, nikakitazama na kikoi changu, nikaona nitafanana na mzee aliyeiba viatu vya mwanawe. Nikavaa sandali zangu za ngozi. Fadhumo alikuwa jikoni, hakuona.

Kutoka langoni hadi barabara ya lami ni hatua kama mia tatu, na katika hizo mia tatu nilisimamishwa mara mbili. Jirani mmoja alifungua mlango wa gari lake kabla hata ya kunisalimu. Wa pili alikuwa muuza maji, akiwa na mkokoteni wa punda umejaa mitungi. Alisogea pembeni akanipigia ubao kwa kiganja nikae. Nilimshukuru. Punda alinitazama, nadhani yeye peke yake ndiye aliyefurahi kwamba nimekataa.

Hapa lazima nieleze jambo kwa wasomaji wa mbali. Garissa, kumpita mtu wako anatembea juani nawe uko ndani ya gari ni aibu. Lakini kukataa kupanda ni aibu zaidi, maana ni kama kumwambia mwenzako kwamba ana kosa na humtaki. Kwa hiyo vita vyangu vya siku hiyo havikuwa dhidi ya jua wala mchanga. Vilikuwa dhidi ya watu wanaonipenda.

Saa moja kasorobo, kwenye lami, alinifikia binamu yangu Abdullahi, mfanyabiashara, mtoto wa baba yangu mdogo. Alisimama katikati ya barabara, akashusha kioo, baridi ya gari lake ikanipiga usoni. Kinywani mwake, kama kwa wengi wetu, p huwa b.

"Maalim, gari iko wabi?"

"Nyumbani."

"Imebata shida?"

"Haina shida, walaal, ndugu yangu. Natembea tu, naenda sokoni."

"Basi banda. Na mimi naenda soko."

Pua ya gari lake ilikuwa imeelekea mtoni, soko likiwa nyuma yake. Nilimwambia hapana, asante. Akageuza gari palepale, akanifuata polepole ubavuni mwangu, mwendo wa ng'ombe mzee, malori nyuma yakipiga honi.

"Nimekukosea kitu gani?" aliuliza.

"Hujanikosea."

"Basi ni nini?"

Neno lilikuwa fupi. Ningelisema, angenielewa. Nikasema, "Nanyoosha miguu." Mtu wa miaka hamsini na mmoja, amebeba kibuyu, ananyoosha miguu katikati ya malori. Abdullahi alipandisha kioo, akaondoka. Nikamwona kwa mbali ameshika simu sikioni.

Karibu na stendi, Noor alikata kona mbele yangu kwa bodaboda. Noor nilimfundisha miaka sita iliyopita, na insha zake zilikuwa fupi kuliko jina lake.

"Tichee, kuja nikubeba. Ni bure, mafuta iko."

"Noor, nimekataa gari. Nitapanda pikipiki?"

Alicheka, kisha akaacha ghafla, akaninyooshea mkono kwa unyenyekevu ambao darasani sikuwahi kuuona. "Bole sana, tichee. Ni maisha." Akaondoka kabla sijamuuliza pole ya nini.

Saa moja na robo niliingia Soko Mugdi. Nilikuwa natoka jasho hadi kwenye nyusi, lakini nilikuwa nimefika, na nilitamani mtu aniulize nimefikaje. Mama Ebla, anayeniuzia maziwa tangu nioe, alikaa mahali pake miongoni mwa madebe ya manjano, harufu ya moshi wa kufukizia vyombo ikimzunguka. Aliponiona alinisukumia kigoda.

"Kaa, Maalim. Wallahi nimesikia. Mungu ataleta ingine."

"Ataleta nini?"

"Gari."

Ndipo nikaelewa. Simu ya Abdullahi ilikuwa imenitangulia sokoni. Nimefilisika, nimeuza gari, nimeanza kutembea na kibuyu. Nilicheka, na nilipoona Mama Ebla hacheki, kicheko kikanifia mdomoni. Pale pia neno lilinifika kooni, sukari, silabi tatu tu, nami hufundisha silabi kila siku. Nikalimeza. Alinijazia kibuyu hadi mdomoni na akakataa kabisa kupokea malipo. Niliziacha pesa chini ya mfuniko wa debe nikakimbia kama mwizi.

Safari ya kurudi ilikuwa ngumu. Jua lilikuwa limepanda, lita tano zilinivuta bega, na kila gari lililopunguza mwendo nyuma yangu lilinifanya nikaze shingo. Nilijua nikipanda mara moja tu, kesho nitapanda mara mbili, na Jumatatu ufunguo utakuwa umetoka kwenye mkebe. Niliogopa kupanda kuliko nilivyoogopa joto. Nikaamua kukimbia ukarimu wa watu: nikaacha barabara, nikashika njia ya mkato kupitia vichaka vya mathenge nyuma ya uwanja wa mpira.

Mathenge tunaujua. Ni mti unaoota usipopandwa, na mwiba wake ukikuchoma, mguu huvimba na mtu mzima hutafuta pa kukaa. Nilipita humo dakika kumi, nikiviruka vijiti, na nilitoka upande wa pili mzima, sina maumivu hata chembe. Nilijipongeza. Nilijiambia mwili umeanza kuzoea.

Saa mbili na nusu nilifika langoni, nikakuta magari matatu. Barazani viatu vimejaa; nikavua vyangu nikaingia. Ndani, kwenye mkeka, walikaa wanaume sita wa ukoo wetu, na katikati yao Adeer Osman, baba yangu mdogo, aliyekuja juzi kutoka Hulugho na ng'ombe wa kuuza kwenye mnada wa Jumatano. Adeer ni baba mdogo, naye huniita adeer vilevile, ndivyo tunavyoitana. Nilijua wamekuja kwa ajili gani. Kwetu mtu akianguka, watu wake hukaa chini wakamchangia mpaka asimame. Kikao hicho tunakiita qaaraan, nami nimekaa katika vingi. Sikuwahi kukalishwa mimi.

"Adeer, kaa," alisema mzee. "Sisi tumekaa, tumemaliza. Abdullahi ana gari mbili, moja ni yako. Na ile ng'ombe yangu mbili ya Jumatano, ni ya watoto yako."

Abdullahi aliinuka akaniwekea ufunguo kiganjani, akanifunga vidole. Hakuna jibu la heshima kwa jambo hilo isipokuwa kushukuru na kupanda. Macho yalinichoma.

"Gari langu lipo," nilisema. "Liko nyuma ya nyumba."

"Tumeona," Abdullahi akajibu kwa upole. "Tumefikiri umeuza na mwenyewe hajakuja kuchukua."

Fadhumo aliingia na birika la chai, akasimama mlangoni akitazama sakafu.

"Nani anatoka damu?" aliuliza.

Alama zilianzia mlangoni, juu ya vigae vyeupe, moja, nafasi, moja, nafasi, zikaja hadi kwenye mkeka. Kila mtu alitazama nyayo zake. Mimi nilitazama zangu mwisho. Adeer Osman alinivuta mguu wa kushoto akaupakata. Katikati ya unyayo ulikuwa umevunjikia mwiba wa mathenge. Ulikuwa umetoboa soli ya sandali na kuingia wote.

"Umesikia?" aliniuliza.

"Hapana."

Akaubonyeza kwa kidole gumba. "Na sasa?"

"Hapana, adeer."

Mzee huyo amechunga mifugo maisha yake yote. Anajua hata mbuzi akichomwa na mathenge hukataa kukanyaga. Hakunitazama usoni. Alibaki ameushika mguu wangu kwa mikono miwili, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Kaka yangu pia alisema hivyo. Alisema hasikii kitu."

Chumba kizima kilimjua kaka yake. Nikasema, hatimaye, kila kitu: sukari, uzi wa plastiki, miezi mitatu ambayo mmoja nilikuwa nimeshauchezea, na kwamba nilitaka kutembea tu. Nililia, wala sioni haya kuliandika. Fadhumo aliufungua mkono wangu, akachukua ufunguo, akamrudishia Abdullahi.

"Leo utampeleka hospitali," alimwambia. "Kesho usimpeleke popote."

Saa tatu asubuhi nilipanda gari, na safari hiyo ilikuwa halali. Muuguzi aliutoa mwiba, akasafisha, akanikemea juu ya zile sandali hadi nikatamani kuwa mwanafunzi wangu mwenyewe. Niliamriwa kupumzika hadi kidonda kifunge, kisha nitembee, kwa viatu.

Adhuhuri nilipowarudia, kikao kilikuwa hakijavunjika. Adeer Osman alitoa neno la mwisho, na neno la kikao halirudishwi.

"Mtu yeyote asibebe huyu. Soko, msikiti, shule, asibebe. Mwenye kumbeba anamkata mguu."

Abdullahi akafungua simu akawaambia wote aliowapigia asubuhi.

Kidonda kilifunga. Sasa natembea kila siku, sokoni Jumamosi, shuleni siku nyingine, na kila nirudipo Fadhumo huuchunguza unyayo wangu mlangoni kama askari wa kizuizini akikagua mizigo. Ufunguo bado uko kwenye mkebe. Gari hutoka kwa safari za mbali na kwa wagonjwa. Kliniki naenda wiki ijayo, na sijui kipimo kitasema nini, lakini nitaenda kwa miguu.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa nawakimbia watu ambao ningewaambia neno moja tu wangenisaidia. Nilitoka nikidhani adui wangu ni mlango wa gari uliofunguliwa. Kumbe nilikuwa sijampa mtu yeyote sababu ya kuufunga.

Jumamosi iliyopita, kwenye lami, saa moja kasorobo, gari la Abdullahi lilinifikia nyuma. Likapunguza mwendo. Kioo kikashuka, baridi ikanipiga usoni. Hakunisalimu. Alichungulia chini, miguuni mwangu, kwenye raba nyeupe.

"Umefunga kamba?"

"Nimefunga."

Akapandisha kioo, akakanyaga mafuta, akaniacha kwenye vumbi.