Dereva Aliyeshangilia Nigeria

Kwa nini mtu ambaye timu yake imetwaa kombe la Afrika ainamishe kichwa kama aliyefiwa? Niliuliza swali hilo jikoni kwetu, karibu na Sosiot, Jumapili moja ya Aprili mwaka 1994. Mama aliniambia nipunguze maswali, nioshe vikombe.

Nilikuwa nyumbani kwa sababu wahadhiri walikuwa wamegoma na chuo kikuu kimefungwa. Asubuhi nilichuma majani chai na dada yangu mkubwa, vikapu mgongoni, nikimwuliza yale niliyozoea kuuliza darasani. Kwa nini ndoa yake iamuliwe na wazee ambao hawataishi nyumba hiyo? Kwa nini asiende tu?

"Nataka baba aseme ndiyo," alijibu bila kuacha kuchuma. "Sitaki kuolewa kama mtu aliyetoroka. Wewe ukiweza, weza."

Mchumba wake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mkisii aliyezaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa chai. Baba yake aliendesha lori la kiwanda lililokuja kuchukua majani kwenye sentaa yetu, kituo ambapo wakulima hupima na kuuza majani yao. Miaka miwili kabla, wakati wa vita vya makabila, dereva huyo alipeleka mke na watoto kwao Kisii, akarudi peke yake kuendesha lori. Hakuna aliyemgusa. Lakini hakuna aliyemkaribisha kwake pia, na baba yangu alikuwa mmoja wa walionyamaza.

Kwetu Wakipsigis, mazungumzo ya kuposa huitwa koito. Wageni huja, huketi, hutazama sakafu, na hawasemi kilichowaleta mpaka waulizwe. Siku ya kwanza hurudishwa. Hilo halimuumizi mtu, kwa maana msichana anayetolewa siku moja huonekana kama amezidi nyumbani. Dereva na wazee wake walirudishwa, wakaja tena mwezi wa tatu. Safari hiyo waliambiwa mjomba wetu wa Fort Ternan hajafika, na bila mjomba hakuna koito. Ilikuwa kweli. Lakini niliuona uso wa baba alipolisema. Alikuwa mtu aliyefurahi kupata sababu.

Baada ya hapo, kila siku ya kuuza majani, baba aliangika gunia lake kwenye mizani akiwa ameligeuzia lori mgongo. Ingekuwa ni matusi tungejua la kufanya.

Kisha mashindano ya Afrika yakaanza kule Tunisia. Baba alikuwa na redio ya betri na alikuwa upande wa Zambia. Mwaka uliotangulia ndege iliyobeba timu yao ilianguka baharini, wachezaji wote waliokuwamo wakafa, na sasa nchi ile ilikuwa imeokota vijana wengine na kuwapeleka. Nilimwuliza baba anawezaje kuhurumia nchi ambayo hajawahi kuiona. Akasema, "Na wewe unahurumia vitabu."

Mechi ya kwanza Zambia walitoka sare na Sierra Leone, bila bao. Siku iliyofuata ya kuuza majani, baba alilalamika kwenye sentaa bila kumlenga mtu. "Hata bao moja? Moja tu?"

"Hao ni watoto, mzee," sauti ikasema kutoka kwenye lori. "Ungoje Nigeria. Nigeria wamepiga Gabon tatu."

Baba aligeuka. Nilikuwa hapo na gunia langu, nikamwona akigeuka mzima mzima.

"Nigeria? Wale wanacheza na mabega."

"Mabega yanafunga, mzee."

Karani wa mizani akacheka, kila mtu akacheka, na jioni ile mama alipika akiimba. Kuanzia hapo njia za timu mbili zilipita kwenye sentaa yetu. Nigeria waliposhindwa kufunga Misri, baba aliwahi kufika kabla ya lori. "Mabega yamechoka?" Zambia walipowafunga Ivory Coast bao moja, kisha Senegal bao moja, dereva alisema wale wanaishi kwa kuhesabiwa matone. Nigeria wakawatoa Zaire. Zambia wakawapiga Mali manne, na baba akasahau gunia lake kwenye mizani. Nigeria nao wakapita Ivory Coast kwa penalti, na dereva alipoulizwa kama huo ni mpira au bahati nasibu, akasema, "Mzee, tuonane fainali."

Ndipo sote tukashtuka. Fainali ilikuwa Jumapili. Jumapili hiyo hiyo, siku pekee mjomba wa Fort Ternan angeweza kuja, baba alikuwa ameshawaita wageni.

Walikuja baada ya kanisa, mvua ikinyesha. Waliketi, wakatazama sakafu. Redio ilikuwa kabatini, imefunikwa kitambaa, na katika wazee wale hakuna ambaye angethubutu kuonekana anawaza mpira kwenye koito. Mjomba aliuliza habari za ukoo polepole, kama mtu mwenye wiki nzima. Nikaichukua redio na kuipeleka jikoni. Nilisema ni ili isiwasumbue.

Ukuta wetu ulikuwa wa mbao. Zambia walipofunga, dakika za mwanzo kabisa, dada alipiga kelele, na kule sebuleni viti vikalia. Muda mfupi baadaye Nigeria wakasawazisha. Baada ya mapumziko wakaongeza la pili. Kuanzia hapo Zambia walishambulia na kushambulia, na mjomba akaacha kuuliza. Nilichungulia mlangoni. Wazee wote walikuwa wameinamisha masikio upande wa jikoni, wakijifanya wanatazama sakafu.

Kipenga kikalia. Dada alinishika mkono mpaka ukauma. Aliogopa dereva atacheka.

Hakucheka. Aliinamisha kichwa, kisha akasema, "Pole, mzee. Vijana wako wamecheza kuliko sisi."

Baba alikohoa. Alitazama mvua. "Wamefika mbali," akasema. Halafu akaita jikoni, "Mama watoto, hawa watu wamekaa na njaa tangu saa ngapi? Leta mursik. Mpe bamwai kwanza."

Mursik ni maziwa yetu ya mgando, na bamwai ni jina wanaloitana wazazi wa waliooana. Mama aliketi kwenye gunia la mahindi na kupumua kama aliyetua mzigo wa kuni. Dada alilia, akacheka, akaniambia nizime redio, betri isiishe bure. Nikauliza swali langu, nikapewa vikombe.

Dereva alifariki mwaka juzi, akiwa babu wa watoto wanne wa dada. Tulipokuwa tukipanga vitu vyake, mjane wake alitoa kipande cha gazeti kilichokunjwa ndani ya Biblia. Ilikuwa picha ya timu ya Zambia, ile iliyokufa.

"Alikuwa upande wa Zambia tangu ndege ianguke," alisema. "Lakini siku ile baba yako alipofungua mdomo kwenye sentaa, mume wangu aliona kwamba wakikubaliana, maneno yataisha hapo hapo. Ndipo akashika Nigeria."