Boti ya Severini Kabla ya Kushuka Mtoni

Severini wa Michenga aliacha uvuvi siku boti yake ya alumini ilipoanza kuvuja. Mwaka huu aliapa kurudi mtoni. Kwa wiki tatu aligonga sehemu zilizobonyea, akaipiga msasa, akaipaka rangi ya bluu mara mbili. Majirani walikuja kuisifu.

Mkewe, Devota, alikuja na ndoo. Boti ikiwa bado juu ya magogo, akaanza kuijaza maji.

“Mama Dativa, unaniharibia kazi!”

“Rangi nimeiona, Baba Dativa. Sasa nataka kuona boti. Wewe hujui kuogelea.”

Maji yalichuruzika nje kwenye ribiti saba, zile pini za chuma zinazounga mabati ya boti. Devota akazizungushia mkaa. Severini alizihesabu mwenyewe, akaona moja zaidi ambayo mkewe hakuiona, zikawa nane, akachukua msasa kuiondoa rangi ili azizibe.