Orodha ya Waliotaka Nyumba

Sehemu yetu ya Kasingirima ilikuwa bondeni. Kila masika kuta za udongo zilinyonya maji, na nyumba mbili tatu zikalala chini. Kwa hiyo ulipoletwa mpango wa nyumba za matofali ya kuchoma, kwa kodi ambayo hata mpagazi wa bandarini angeimudu, hapakuwa na ubishi. Kwenye mkutano wa mtaa mikono yote ilikwenda juu.

"Mimi naunga mkono kuliko nyote," alisema fundi baiskeli. "Choo changu kimeanguka nikiwa ndani!"

"Muongo huyo! Ungekuwa ndani, leo tungekuwa tunasoma arobaini yako," mama mmoja akamjibu, na watu wakacheka.

Mwenyekiti alitaka orodha ya wanaounga mkono: jina, na idadi ya watu wa nyumbani. Basi. Kazi alinipa mimi kwa sababu ya mwandiko wangu. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nilijifunza mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, na niliamini kwamba karatasi iliyopangwa vizuri haiwezi kumdhuru mtu. Nikapiga mistari kwa rula. Upande wa kulia ikabaki nafasi. Nikaongeza safu: "Kwao ni wapi."

Hakuna aliyeniagiza. Kwetu hilo huulizwa mara tu baada ya salamu, na watu hujibu kwa furaha: ng'ambo ya ziwa, Tabora, Kalinzi.

Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, alikuwa mjane aliyenunua dagaa kwa wavuvi wa Katonga na kuwatembeza mitaani. Alikimbia kutoka Burundi zamani. Kirundi na Kiha vinasikilizana, hivyo mtaani wengi walimchukulia kuwa Muha wa Kalinzi, kijiji cha mkoa wetu. Miaka ile wakimbizi wapya walivuka kila wiki, na redio ilikuwa imeanza kusema kwamba wote wanatakiwa kambini.

"Andika Kalinzi, mwalimu," aliniambia. Aliniita hivyo kwa utani.

"Lakini si kwenu."

"Wewe unajua, mimi najua. Karatasi inataka nini tena?"

"Inataka ukweli. Ukionekana umedanganya, nyumba utaikosa."

Akautazama ukuta wake, ulioshikiliwa na gogo. Aliitaka ile nyumba kuliko sisi sote. Akanitajia mkoa wake wa Burundi, nami nikauandika kwa herufi kubwa.

Wiki chache baadaye mwenyekiti alirudi kutoka wilayani akiwa mzito wa maneno. Nilimuuliza kama wameulizia nyumba.

"Wameulizia ile safu yako," alisema. "Wamebaki na orodha."

Nilipaswa kwenda kwa jirani saa ile ile. Nikajiambia kwamba sina hakika, na mtu makini hasemi asilo na hakika nalo. Siku tatu nilimsikia upande wa pili wa ukuta akikohoa, akifagia, akiwasha moto. Sikwenda.

Siku ya nne, asubuhi, lori lilisimama bondeni. Askari alishuka na karatasi zangu. Alisoma jina la jirani yangu bila kukwama hata mara moja.

"Huyo Muha mwenzetu!" alipaza sauti fundi baiskeli. "Mtu wa Kalinzi huyo!"

"Hapa imeandikwa Burundi."

Nikasogea. "Afande, hayo nimeandika mimi. Nilikosea."

Aliiangalia karatasi, kisha akaniangalia mimi. "Mzee, mwenye mwandiko huu hakosei."

Jirani yangu alitoka na sufuria na kanga zilizofungwa pamoja. Hakubishana. Aliponifikia alisimama kidogo.

"Na nyumba yangu, mwalimu, watampa nani?"

Akasaidiwa kupanda. Askari akatia alama mbele ya jina lake, kisha akashusha kidole kwenye mstari uliofuata.